Karatasi ya Baba Chini ya Kitanda

Ijumaa ile Fundi aliamka amenuna, wala hakuwa na haja ya kutafuta sababu. Mumewe alikuwa hapokei simu tangu Jumanne. Uji wa watoto uliungua. Na kabla hajanawa uso alimsikia binti yake kwenye chumba cha kushonea akisema kwa adabu zote, "Shikamoo, Mama wa Posta. Mgongo unaendeleaje?" Mama wa Posta hakujibu, maana alikuwa karatasi.

Hapo inabidi kueleza, usije ukadhani nyumba ile ilikuwa ya vichaa. Fundi alikuwa mshoni, mwaka wa kumi na mbili sasa, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni. Kila mteja wa kudumu alikuwa na karatasi yake ya kaki iliyokatwa kwa vipimo vyake, nusu ya mbele na nusu ya nyuma, ikitundikwa msumarini. Mteja akinenepa, Fundi hakuhangaika na karatasi mpya. Alibandika ukanda ubavuni, basi. Akikonda, alimpunguza kwa mkasi. Na wale waliohama, au waliomkimbia wakaenda kwa mafundi wengine, karatasi zao zilipelekwa msumari wa nyuma ya mlango, zikangoja siku ya kugeuzwa upande wa pili na kukatiwa mtu mwingine. Fundi hakuwa mtu wa kutupa karatasi nzima.

Sasa, miaka yote hiyo hakuwahi kusema "nipe karatasi ya Mwalimu Mkuu." Alisema, "Nipe Mwalimu Mkuu." Alisema huyu wa Posta kanenepa, wacha nimwongeze kiunoni, alisema Muuguzi kaanguka, mwokoteni. Watoto wawili wamekulia chini ya meza hiyo wakisikia hayo asubuhi na jioni. Ulitaka waelewe nini? Binti, wa miaka sita, aliitwa Bosi, kwa sababu anazozijua kila aliyewahi kukaa naye nusu saa. Mdogo wake, wa miaka minne, aliitwa Kibogoyo tangu alipopoteza meno mawili ya mbele kwa kuruka kutoka juu ya kabati, akiwa mwewe. Kwao zile karatasi zilikuwa watu. Muuguzi alipanguswa vumbi na kuulizwa habari za wagonjwa. Mke wa Seremala alifungiwa kabatini siku nzima kwa kosa la kusengenya, na Fundi akamsaka mpaka jasho likamtoka. Siku nyingine alikuta wateja saba wamelazwa sakafuni, kila mmoja na kifungo cha shati tumboni. Aliambiwa asipige kelele, wageni wanakula.

Wengine wangecheka. Fundi naye alicheka, lakini kesho yake. Siku yenyewe aliwaka moto, maana anayelea watoto wawili peke yake huku akishona nguo za watu hana nafasi ya kucheka papo hapo.

Peke yake, ndiyo. Mumewe alikwenda kufanya kazi mbali, miezi sita tu, alisema, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Siku chache kabla ya kuondoka alinunua kitambaa cha suti, cha kijivu, kizito, kizuri hasa. Akamwambia mkewe ampime kabisa na kumkatia karatasi, lakini kitambaa asikiguse mpaka arudi. Basi kitambaa kikalala chini kabisa ndani ya sanduku. Kila alipoulizwa anarudi lini, jibu lilikuwa lile lile: hajapewa ruhusa. Jumapili iliyopita aliongea na Bosi, akamchekesha kwamba amenenepa, kitambi kinatangulia kuingia mlangoni kabla yake, na wakionana hatamtambua. Bosi hakucheka. Alimpa mama yake simu akaondoka ana mawazo.

Gauni la Ijumaa ile lilikuwa la Mwalimu Mkuu. Alikuwa anastaafu kesho yake baada ya miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamempa kitambaa cha buluu iliyoiva, kipande cha mwisho dukani. Fundi mwenyewe alifundishwa kusoma na mama huyo. Alitaka amvishe gauni ambalo watu wangelizungumzia mwaka mzima, na saa kumi jioni Mwalimu angekuja kulijaribu.

Basi asubuhi akamlaza Mwalimu Mkuu mezani, akampiga chaki, akakata. Hakupima kwa futi. Kwa nini apime, na karatasi anayo? Hasira za simu zilimjaa kichwani, mkasi ukaenda wenyewe. Alishangaa kidogo kuona kitambaa kimebaki kingi, akajisifia anavyojua kubana kitambaa, na mabaki akayakata maua madogo ya begani na marinda ya mikono. Saa sita alipokwisha kuunga mbavu kwa uzi wa muda ndipo akazungusha futi kiunoni mwa gauni, kwa mazoea tu. Akazungusha tena. Kisha akakaa chini.

Gauni lilikuwa limepungua vidole kumi na viwili. Lile lingemwingia Mwalimu Mkuu wa miaka ishirini iliyopita, tena akiwa amefunga pumzi. Fundi alimchukua Mwalimu wa karatasi, akamtazama vizuri ubavuni, na hapo akaona: mbele na nyuma, kuanzia kwapani mpaka pindoni, pamekatwa ukanda wa vidole vitatu. Pamenyooka kama pamepigwa rula. Ulikuwa mkato mzuri, wa mtu aliyefundishwa kushika mkasi, na aliyemfundisha ni yeye.

Jamani. Aliita mara moja tu na watoto wakaja mbio, wakasimama kwenye kioo. Aliwaambia amechoka nao, amechoka na vituko vyao na maigizo yao yasiyo na mwisho, kwamba wenzao wanacheza mpira na kombolela, wao wanachezea riziki yake. Aliuliza nani amemkata Mwalimu Mkuu. Kibogoyo alimtaja Muuguzi. Kisha, alipoona macho ya mama, akasema labda ni Mwalimu mwenyewe, amefanya mazoezi.

"Ni mimi," alisema Bosi. "Nilimwomba kwanza."

"Ulimwomba nani?"

"Mwalimu. Yeye anazo nyingi. Baba amenenepa, na wewe ulikuwa hujamwongeza."

Hebu fikiria: mtoto alikuwa amefuata kazi hatua kwa hatua, kama alivyofunzwa. Mtu kanenepa, anaongezwa ubavuni. Karatasi ya kuongezea imetoka kwa aliye nayo. Kosa liko wapi? Kosa lilikuwa juu ya meza, la buluu, na saa kumi haikuwa mbali. Akauliza huyo baba yuko wapi.

"Yuko kazini," alisema Kibogoyo, akamshika mama yake mkono na kumpeleka chumbani kwao.

Kazini palikuwa chini ya kitanda. Fundi alipiga magoti, akainamisha kichwa, akamwona mumewe amelala chali sakafuni, mbele na nyuma, kila ubavu umebandikwa ukanda wa Mwalimu Mkuu kwa gundi ya unga. Alikuwa amevalishwa soksi. Pembeni palikuwa na kikombe cha maji, kipande cha mkate kilichokauka na picha ya watu wanne wenye vichwa vikubwa. Aliponyoosha mkono amtoe, Kibogoyo alimzuia.

"Hawezi kutoka, mama. Hajapewa ruhusa."

Fundi alibaki pale pale, shavu karibu na sakafu. Hasira haikuisha, usidhani. Ilihama tu. Ilikuwa imewashika watoto shingoni tangu asubuhi, sasa ikawaachia, ikapita juu ya vichwa vyao, ikaenda kumtafuta mwenyewe. Miaka miwili na miezi minne watoto wamengoja, mpaka wamefikia kumlisha mtu mkate chini ya kitanda, naye huko aliko anawachekesha kuhusu kitambi.

Alirudi kiwandani akapiga simu. Ilikatika mara tatu. Ya nne ikapokelewa, na mume akaanza kwa kulalamika kuwa mtandao wa huko ni wa shida, yaani tangu Jumanne anahangaika. Fundi hakumgombeza. Alimwambia anataka kiuno chake.

"Kiuno changu? Si unayo karatasi yangu wewe?"

"Karatasi yako iko chini ya kitanda. Haijapewa ruhusa. Nakuuliza wewe, unakuja lini nikupime?"

Mume akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akasema mke wangu usianze, unajua hali ilivyo, hajapewa ruhusa, labda mwisho wa mwaka, labda baada ya hapo kidogo. Akasema kitambaa kikitunzwa vizuri hakiharibiki, kiache tu. Fundi akasema amesikia, akakata simu, akaenda kwenye sanduku.

Kilikuwa hakijaguswa na nondo wala panya. Alikitandaza mezani chote, akakipiga pasi. Kisha akapima kwa futi. Akapima tena. Akakata mapande mawili marefu, mapana vidole sita kila moja, kutoka kwapani hadi pindoni. Mkasi ulipoingia kwenye kijivu kile Bosi alifunika mdomo kwa viganja, maana aliijua suti ya baba hata kabla hajajua kuhesabu. Fundi alifumua mbavu za buluu, akaingiza kijivu katikati, na kola akaitoa humo humo ili isionekane kiraka. Alishona bila kuinua kichwa. Cherehani ilikimbia na watoto walikaa chini ya meza kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani mle.

Saa kumi Mwalimu Mkuu aliingia, akavaa, akasimama mbele ya kioo chenye ufa. Lilimkaa vizuri. Lakini mama yule hakuwa mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Aligusa ubavu wa kijivu na kusema hakumbuki kuleta kitambaa hiki. Alisema wanafunzi wake walimpa nguo moja, ya rangi moja, na kama Fundi aliharibu aseme aliharibu.

"Niliharibu," alisema Fundi. "Sikukupima, Mwalimu. Niliamini karatasi. Hicho cha kijivu kilikuwa changu, na sina kazi nacho tena."

Mwalimu alimtazama kwenye kioo, akawatazama wale waliokuwa chini ya meza, na soksi ya mwanamume aliyokuwa ameikumbatia Kibogoyo. Alimjua Fundi tangu akiwa mtoto wa dawati la mbele, na alimjua aliyenunua kitambaa kile. Hakuuliza zaidi. Alisema tu kwamba yeye pia amekasirika, kwa ajili ya gauni lake, kwamba kesho atalivaa akiwa bado amekasirika, na Fundi akitaka aje akae mstari wa mbele. Fundi akasema atakuja.

Alipoondoka, Bosi alikwenda mwenyewe kazini akamtoa baba. Alimlaza mezani na kuanza kumbandua kanda za ubavuni, polepole asimchane. Alisema anamrudishia Mwalimu vitu vyake, samahani. Kisha akauliza baba atundikwe msumari upi, maana hakuwahi kuwa na wa kwake.

Fundi alitazama msumari wa nyuma ya mlango. Akatazama karatasi, kubwa, nzima, imara, karibu haina mkunjo. Bosi alikuwa amebanwa na sare yake ya shule tangu muhula uliopita, na kaptula ya Kibogoyo ilikuwa imeliwa matakoni. Kitambaa cha kijivu bado kilikuwa kingi. Akamgeuza mumewe upande wa pili, akamsawazisha kwa kiganja, akachukua chaki.

"Panda mezani," alimwambia Bosi. "Lala hapo, nyoosha mikono."

Bosi alipanda, akalala juu ya mgongo wa baba yake, akatazama dari. Futi ilipita begani, ikapita kifuani. Fundi alipima, akaandika, akapima tena.

"Baba akija sasa," Bosi aliuliza, "utamshonea kwa karatasi gani, na yake umeichukua?"

"Akija," alisema Fundi, akavuta mstari wa chaki kando ya ubavu wa mwanawe, "atasimama hapo mlangoni kama mteja mwingine yeyote, nimpime upya."