Beseni la Vyombo na Beseni la Nguo

Mjomba wangu Burtea ni mchungaji wa kanisa letu la Kipentekoste, lile la paa jekundu nyuma ya kituo cha treni. Zamani alifua shaba kama babu. Alipookoka akaacha kutengeneza mitambo ya kupikia pombe ya matunda ya plamu, ambayo ndiyo ilikuwa inalipa, akabaki na masufuria ya jamu tu. Bibi Luludia, mama yake, alinuna mwaka mzima. Kumbe ule ulikuwa mchezo tu, makubwa yalikuwa mbele.

Mwaka jana vuli alikuja mhubiri aliyewahi kukaa Mongolia. Akasema kule ukiingia hemani kwa wafugaji unapewa chai ya maziwa kwenye bakuli lilelile walilonywea wao. Ukilikataa, umewakataa wenyewe. Ibada ikaisha, watu wakatoka, Mjomba bado kakaa. Kesho yake akawaambia wazee wa kanisa kwamba Mungu anamtuma kule.

Sasa, kwetu, jamii ya wafua shaba, vyombo vina beseni lake na nguo zina beseni lake. Anayechanganya ni najisi, na anayekula kwake ni najisi pia. Wagajo, ndivyo tunavyowaita wasio wa kwetu, huosha chochote popote. Mjomba alikuwa anawaombea wagonjwa wao na kuwazikia wafu wao, lakini maji yao hajanywa. Wakimkaribisha anasema amefunga.

"Ukila kwao, hutakula tena na mimi," Bibi alimwambia.

"Mama, kwani Yesu alikula na nani?"

"Usinihubirie. Mimi ndiye niliyekuogesha."

Jumanne, ili ajizoeze kabla ya safari, Mjomba akabisha kwa jirani yetu Bi Viorica, mjane wa Kigajo. Alinichukua mimi, maana si adabu mwanamume kuingia peke yake kwa mjane.

"Mchungaji! Miaka yote tunapakana, leo ndio umesikia njaa?"

Akatupakulia supu ya maharage; mimi nikasema nimefunga. Juu ya jiko zilianikwa soksi. Kwenye kona beseni lilikuwa moja. Mjomba akaliangalia, na mimi nikaliangalia. Kisha akaombea chakula mpaka supu ikaanza kuganda juu.

"Inapoa, baba. Mungu ameshasikia."

Akameza kijiko kimoja. Akainuka, akaenda nyuma ya uzio. Tukamsikia akitapika. Aliporudi uso ulikuwa umelowa maji, akakaa palepale, akashika kijiko.

"Nimezidisha chumvi?" Bi Viorica aliuliza.

"Hapana, mama. Ni mimi tu. Naomba nimalizie."

Akamaliza. Jumanne nyingine tukarudi, na nyingine. Wazee wa kanisa wakapata la kusema: "Mchungaji, leo kwa Bi Viorica ni soksi za kukaanga au za kuchemsha?"

"Za kuchemsha. Karibuni." Hakuna aliyekwenda.

Nyumbani Bibi alimtengea sahani yake, kijiko chake, kikombe chake, na kigoda karibu na mlango. Kipupwe chote alikula pale, upepo ukimpiga mgongoni. Pasaka ndugu zake walikuja, wakala mezani, wakampa mgongo. Nilimwona ameshika mkate bila kuula.

"Mjomba, si uache tu?" nilimnong'oneza.

"Nikishindwa kukaa mlangoni kwa mama yangu, kwa wale wa Mongolia nitakaaje?" Akaula mkate.

Siku ya kuondoka, Bibi alijifungia chumbani asubuhi nzima. Tulipokuwa tunafunga begi akatoka na sufuria dogo la shaba, limefungwa kitambaa cheupe.

"La baba yako. Kapike mwenyewe, usiombe kwa mtu."

"Nitapika, Mama. Na wao nitawapakulia humuhumu."

Mkono wa Bibi ulibaki kwenye mpini. Nikadhani atalirudisha ndani. Mjomba naye hakulivuta wala hakuliachia.

"Wakishakula," Bibi akasema, "lioshe. Na si kwenye beseni la soksi."

"Sawa, Mama."

Bibi akaliachia. Akammiminia chai kwenye kikombe chake kilekile cha kutengwa. Halafu akavuta kiti chake kutoka mezani mpaka mlangoni, akakaa kando ya kigoda cha Mjomba, akanywa yake pale mpaka treni ikapiga honi.