Kidole Kidogo cha Mama Akinyi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na digrii, kalamu tatu mfukoni, na imani kwamba wagonjwa walikuwa wakingoja niwaeleze habari za atomu. Madam Inchaji, radiografa mkuu wa kitengo chetu cha mionzi, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akanikabidhi kalamu ya nne, ya wino wa zambarau. Kazi ilikuwa kupitia upya alama zilizochorwa kifuani mwa mgonjwa, ili miale ipige palepale ilipopiga jana. Mstari niliouchora ulifanana na barabara za Kabiro, mtaa ninakokaa, kona na mashimo matupu.

"Kijana," akasema, "huyo ni mama wa watu, si mtihani. Pumua. Halafu umsalimie."

Nyinyi mnaoingia kazini leo mmekuta mashine zinazojipanga karibu zenyewe. Sisi tulianza na kobalti, madini yanayotoa mionzi usiku na mchana na kuchoka polepole kama betri ya tochi, kwa hiyo kadiri miaka ilivyopita ndivyo mgonjwa alivyolala muda mrefu zaidi chini yake. Baadaye nilihamia kliniki ya kibinafsi iliyokuwa na Mkurugenzi mpenda mazulia. Huko nilijifunza kufunga tai na si mengi zaidi. Hospitali yetu ilipopata mashine mpya, ile inayotengeneza miale kwa umeme na ukiizima imezimika, nilirudi kwa Madam Inchaji. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliuliza kama sasa nasalimia.

Hapo ndipo alipokuja Mama Akinyi, mkaanga samaki wa mtaa wa Raila, kule Kibera. Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto, na ulikuwa umegandamana na kifua kiasi kwamba daktari wa upasuaji hakuona pa kupitisha kisu. Kemo ya mshipani, dawa ya kuua seli za saratani, ilikuwa imeupunguza kidogo tu. Daktari wa saratani akaamua kuunganisha tiba mbili: mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, na vidonge vya kemo asubuhi na jioni. Dawa huzidhoofisha seli za saratani, kisha miale huzikuta zimeshindwa kujirekebisha. Ukipunguka uvimbe, kisu kitapata njia. Usipopunguka, hatukuwa na kitu kingine cha maana cha kumpa.

Tiba hiyo ina gharama yake mwilini. Mionzi huchoma ngozi ya kifua, na vidonge hubambua viganja na nyayo. Na ina sharti moja ambalo nilimwambia Mama Akinyi tangu mwanzo: usikatize katikati, kwa sababu seli zilizobaki hutumia mapumziko hayo kuzaana.

Kila siku kabla ya kuingia, mgonjwa aliweka kidole kwenye kioo kidogo cha dawati la bima, kompyuta ithibitishe kwamba ni yeye. Matibabu yalikuwa yamepita nusu kioo kilipomkataa. Shiru, binti wa dawati, alijaribu tena na tena.

"Mathe, futa kidole uweke pole pole. Computer inasema si wewe."

"Kama si mimi, mwite huyo mwingine aje alale kwa mashine. Mimi nirudi kwa samaki yangu."

Watu wa foleni wakacheka. Shiru akakitazama kidole. "Ni mafuta ya kukaanga, mathe. Yamekuchoma."

"Nimekaanga mbuta kabla hujazaliwa, na mafuta hayajawahi kunifuta jina."

Niliomba kuona kiganja. Kilikuwa chekundu, kinang'aa, laini kama sahani. Vidonge vilikuwa vimekula mistari ya vidole vyake. Nikafurahi kwa namna ambayo ni mtu wa vitabu tu anayeweza kufurahi, nikaanza kumweleza Shiru jinsi dawa inavyoathiri tabaka la juu la ngozi. Alinisikiliza kwa adabu.

"Sawa, buda. Na hiyo naitype wapi?"

Alipiga simu ofisi yao kuu. Wakasema mama arudi wiki ijayo asajiliwe upya. Mama Akinyi aliacha kutania.

"Daktari," akaniambia kwa sauti ya chini (mimi si daktari, lakini sikuwa na moyo wa kumsahihisha), "wiki nzima? Si ulisema hii kitu ukiipa nafasi inarudi?"

Nilikuwa nimesema. Nikaenda kumwita Madam Inchaji, ambaye alikuja na kikombe cha chai mkononi.

"Siku ya kumsajili mlichukua vidole vingapi?" akamuuliza Shiru.

"Vyote, Madam."

"Sasa mbona mnasumbua kimoja?"

Tukaanza. Mkono wa kulia ulikataliwa wote. Foleni iliacha kunung'unika, ikaanza kusogea kutazama. Gumba la kushoto, hapana. Cha shahada, cha kati, cha pete, hapana. Kikabaki kidole kidogo.

"Hicho hakina kazi," akasema Mama Akinyi. "Hata samaki hakishiki."

Taa ikawa kijani.

"Ameingia," Shiru akasema, na mzee mmoja nyuma yetu akashusha pumzi kana kwamba kidole kilikuwa chake.

Daktari alipunguza vidonge kidogo, akamkataza moto. Wifi yake akashika karai, naye akawa anakaanga kwa mdomo, ameketi mbali kwenye stuli. Kila siku kidole kidogo kilimfungulia mlango, hadi mionzi ikaisha. Uvimbe ulinywea na kuachana na kifua. Siku ya upasuaji Madam Inchaji alirudi kutoka wodini, akasema, "Umetoka wote," kisha akaenda kuosha kikombe ambacho alikuwa ameshakiosha.

Nimestaafu mapema, mgongo ulichoka kuinua watu, na sasa naandika makala ambayo hakuna aliyeyaagiza. Nikifikiria miaka ile, mengi niliyojua yamepitwa na mashine mpya. Kusalimia bado kunafanya kazi.

Jumamosi nyingine mimi huvuka hadi Raila. Mistari ya vidole vya Mama Akinyi ilirudi baada ya vidonge kwisha, na karai ni lake tena. Akiniona kutoka mbali, mikono imejaa samaki, huinua kidole kidogo cha kushoto. Nami huinua changu. Wateja hudhani ni salamu ya kanisa fulani. Huwa siwaelezi. Nikianza, samaki watapoa.