Mwenye Bastola na Jani la Isale

Nilisikia risasi kabla sijaona chochote. Tulikuwa tumechelewa onyesho la mchana, na mama, ambaye hakuwa amewahi kuingia sinema, alinikamata mkono gizani nyuma ya pazia.

"Wanauana humo?"

Kaka akacheka. "Ni picha tu, mama. Pita."

Kaka ndiye aliyetualika. Alikuwa fundi magari Moshi mjini, na tangu aiache kahawa ya baba kule Machame, misimu miwili ilikuwa imepita bila baba kuitikia shikamoo yake. Mama alishuka siku ile ili amwone mwanawe.

Kwenye picha, mfungwa aliyetoroka alikuwa amewashika mateka watu wa nyumba moja. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo alimtazama tu. Nami nilimtazama, na hadi leo kila ninapoandika juu ya mtu mkali, mwigizaji yule hunijia. Alifoka. Alimpiga mwenye nyumba hadi damu. Kisha akajimiminia maziwa ya mtoto, na mkono wenye bastola ukawa unatetemeka, lakini ule wenye kikombe umetulia, asimwage hata tone.

"Mmalizeni!" jamaa mmoja nyuma yetu akapiga kelele.

"Nyamaza wewe," mama akamjibu. "Huoni anavyoutazama mlango?"

Polisi walimpiga risasi pale pale mlangoni. Watu wakapiga miluzi. Taa zilipowaka, mama akamwambia kaka, "Twende wote nyumbani."

"Baba atanifukuza."

"Nimesema twende."

Tulipofika, jua lilikuwa bado kwenye migomba. Mpakani mwa shamba mama akachuma jani la isale, lile ambalo kwetu mtu hulipeleka akiomba msamaha, akampa kaka. Kaka, na ukubwa wake wote, akaingia ndani, akasimama mbele ya baba, jani likimtetemeka mkononi. Nikamwona tena mtu wa maziwa.

"Shikamoo, baba."

Baba alilitazama jani.

"Isale gani hiyo unaishika kama spana?" Akaipokea. "Marahaba."

Kisha akachukua panga ukutani. "Njoo uone magugu yalivyoimeza kahawa yako."

Nilitaka kuwafuata. Mama akanishika mkono kama kule gizani, akaufunga mlango nyuma yao, polepole.