Mutua, aliyepima raba kwa mtungi wa maji

Leo asubuhi nimefika ofisini Kathonzweni nikamimina chai vikombe viwili. Cha pili kikapoa mbele yangu ndiyo nikakumbuka Mutua yuko mochari. Kichwa bado kinakataa.

Kwa wale hamkumjua, Mutua alikuwa accountant wetu, deski yake inatazamana na yangu. Ndiye alituanzishia mazoezi ya kuvuta raba, ile mipira mirefu ya kunyoosha misuli, nyuma ya ofisi baada ya kazi, wakati mgongo wangu ulikuwa umekufa kwa kukaa.

Shida ya raba ni kwamba haina kilo. Mtu anasimama karibu na mahali ilipofungwa, raba inalegea, anavuta mara hamsini halafu anajigamba. Tulibishana mpaka askari wa geti akawa anakuja kutazama sinema.

Siku moja Mutua akaifunga raba kwenye boriti, akaning'iniza mtungi wa maji, akapima raba imerefuka kiasi gani. Kisha akachora mistari ya chaki kwa sakafu. "Ukisimama hapa unavuta nusu mtungi. Hapa, mtungi mzima. Sasa wacheni kelele."

Tangu hapo swali likawa umevuta mitungi mingapi kwa jumla. Unazidisha mara ulizovuta na mtungi wa mstari wako, basi. Ukambani nani hajabeba maji? Hesabu hiyo haikuhitaji workshop.

Ijumaa kila mtu alituma jumla yake kwa WhatsApp group. Yako ikishuka, na wiki inayofuata ishuke tena, Mutua alikuuliza: umelala? Umekula? Ukisema ndiyo, alikukataza kugusa raba, akakutuma hospitali.

Yangu ilishuka mwaka jana. Mimi nilitaka kuongeza bidii. Yeye akaniombea off kwa boss na kunipeleka hospitali ya Makindu mwenyewe. Kumbe damu ilikuwa imepungua mwilini vibaya sana na sikujua.

Mwaka huu ikaanza kushuka yake.

Nilimwambia labda raba mpya tuliyokuwa tumenunua ni ngumu kuliko ya zamani. Akaitundika mbele yetu na kuweka mtungi. Raba ilikuwa sawa kabisa.

"Basi si raba, ni wewe," nikamwambia. "Accountant amezeeka." Watu wakacheka, na yeye akacheka. Ijumaa iliyofuata ikashuka tena, nikamwekea sticker ya mzee na mkongojo.

Sikumuuliza kama amelala. Sikumuuliza kama amekula. Na mimi niliijua hiyo sheria kuliko wote, maana ndiyo iliniokoa.

Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umekaa ndani kitambo. Hakusema kama angepona akija mapema, na mimi naogopa kuuliza.

Tulipoenda kwao Matiliku kuwapa pole, mkewe aliniuliza mbele ya watu wote, "Mwikali, huko job hamkuona kitu?" Nikajibu hapana. Neno lilitoka haraka sana.

Sikulala vizuri na hilo neno. Jana nimerudi kwake peke yangu, nikamkuta anapepeta ndengu.

Nikamwambia, "Mama Kyalo, nilikudanganya. Tuliona. Mimi niliona, na nikamcheka."

Aliuweka ungo mapajani. Nilitegemea anifukuze, na ningeenda.

"Mimi ndiye nilimtobolea mshipi shimo lingine," akasema. "Kwa msumari. Nikamwambia, ona vile mazoezi yanakufanyia kazi."

Tulilia pale wote wawili mpaka ndengu zikamwagika, na hakuna aliyeziokota.

Mutua, tulikuona ukipungua na tukafurahi. Wewe hungetufanyia hivyo. Nisamehe, rafiki yangu. Pumzika sasa, na usingizi wako uwe mwema.