Kisanduku Nilichokivika Nguo

Nasimulia mwenyewe, maana Kariakoo nzima imeshasimulia na kutia chumvi.

Kampuni ya simu ilinifungia dukani kisanduku kipya, simu na intaneti humo humo. Nauza vitenge kwa jumla, na mteja wangu mkubwa wa Songea huagiza kwa simu. Lakini kila jua likiwa kali, simu inakata. Cha jirani yangu Mama Manka, muuza vitenge mwenzangu, hakikati, basi mteja akinikosa anampigia yeye.

Nikatoka barazani. "Mama Manka, umeniingilia waya wangu!"

"Bibi Mwanahawa, mimi nina duka, sina nguzo za simu!"

Watu wakacheka. Nikamwita fundi. Siku hiyo hiyo mteja wa Songea akaja, kuniambia anahamia kwa Mama Manka.

"Shikamoo bibi. Kisanduku kiko wapi?" fundi akauliza alipoingia.

"Marahaba. Hapo, chini ya kitambaa."

Fundi akaondoa kitambaa cha kufuma. Chini yake kulikuwa na kingine, na chini ya hicho nailoni ya kiwandani, sijaitoa. Akagusa, akarudisha mkono upesi.

"Bibi, kinajizima kwa joto. Umekivika nguo tatu, Dar hii!"

Mama Manka alikuwa mlangoni, anasikia yote. Mteja alicheka mpaka akakaa chini. "Nitaendelea kukupigia, bibi, ila kiache uchi."

"Redio yangu naifunika miaka yote na inaimba," nikasema. "Mama Manka, nisamehe, nimekusingizia. Lakini kisanduku chako kina vumbi."