Alhamisi za Mwinda Majini

Juzi fundi mmoja wa Ngara aliufungua mgongo wa redio yangu kuukuu, akaiwasha, na vumbi lililolala ndani likaanza kuungua. Harufu hiyo! Nilitafuta kiti nikaketi. Miguu yangu siku hizi haingoji sababu kubwa. Fundi alidhani nimeugua. Nikamwambia aendelee na kazi yake, maana mimi nilikuwa nimesharudi utotoni, kwenye televisheni yetu iliyonuka hivyo hivyo kila ilipopata moto.

Tulikaa ghorofa ya tatu, hapo hapo Ngara, na miaka ile ya sabini jengo letu lilikuwa na televisheni moja tu, yetu. Baba, karani wa duka la jumla, aliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Bibi, mama yake Baba, alikuwa ameletwa kutoka Lamu baada ya Babu kufariki. Magoti yalikuwa yamemshinda, na tangu apandishwe ngazi zile hakuwahi kuzishuka. Alishinda dirishani akiwatazama watu asiowajua.

Kisha akaja mwinda majini. Ilikuwa tamthilia ya Kiingereza, kila Alhamisi baada ya Magharibi: jamaa mmoja mrefu, dereva wa gari la wagonjwa huko ng'ambo, akisaka majini na mazimwi kwenye mahandaki, kurunzi mkono huu na nyundo mkono huu. Jengo zima lilihamia kwetu. Viatu vilijaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Mama alikaanga mahamri. Bibi alijitanda leso mpya, kwa sababu sebuleni kuna wanaume, alisema, na wale wa kwenye kioo aliwahesabu pia. Mtangazaji akisalimu, Bibi aliitikia.

Na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mama Nekesa, jirani wa mlango wa pili, mtu wa kanisa kutoka Bungoma, alipiga makofi kwa hasira: "Lakini huyu mtu mbona haombi? Anaendea shetani na nyundo!" Ndugu yake Barasa, mtunza bustani huko Kitisuru, alidharau mazimwi yote. "Mbwa ya tajiri yangu inaweza kumaliza hiyo kitu mara moja." Baba aliporudi kutoka dukani, kipindi kimeshakwisha, alisonya: usiku wa kuamkia Ijumaa, badala ya kusoma Yasini, mnatazama mashetani! Lakini mkosoaji mkali kuliko wote alikuwa Bibi. "Jini hapigwi nyundo, wanangu. Huulizwa jina. Huyu kijana hakufunzwa." Wote walicheka, naye akacheka mpaka leso ikamteleza.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na saa ile mimi ndiye pekee sebuleni niliyejua Kiingereza cha kutosha, basi nilikaa miguuni pa Bibi nikitafsiri, mazimwi na ngurumo zao. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka taya. Tena choo chetu kilikuwa mwisho wa korido, tukikitumia nyumba nne, na tangu zimwi moja litokee kwenye bomba la maji sikuthubutu kwenda peke yangu. Nilibana mpaka machozi. Nitamwambia nani? Msichana mkubwa wa darasa la sita!

Basi nikaandika barua, kwa Kiingereza. Kituo kilikuwa kikialika maoni ya watazamaji, nami nikachukua karatasi ya Baba nikajifanya mzazi: sisi wazazi wa Ngara tumechukizwa, watoto wetu hawalali, mwindaji wenu hata haombi, na usiku wa Ijumaa ni usiku wa ibada, tafadhali kiondoeni kipindi hiki. Nikatia sahihi tano, kila moja kwa mtindo wake, nikaipeleka posta.

Wiki mbili baadaye, kabla kipindi hakijaanza, mtangazaji alikunjua karatasi akaanza kusoma. Kwa sentensi ya kwanza tu nikajua ni yangu.

"Asemaje?" Bibi akauliza, na sebule nzima ikanigeukia.

"Anasoma barua," nikasema. "Wazazi wa Ngara wanasema... wanakipenda sana hiki kipindi."

"Ala! Wa hapa hapa kwetu?" Mama Nekesa akapiga kigelegele. Bibi akanishika bega. "Waona? Watu wana akili."

Haukupita mwezi, mwinda majini hakutokea. Alitokea bwana mmoja akieleza kilimo cha pareto. Wageni walimvumilia, wakanywa chai, wakaondoka. Alhamisi iliyofuata alikuja Mama Nekesa peke yake. Iliyofuata hakuja mtu. Bibi alikuwa amejitanda leso yake, amekaa.

Msinifariji. Leo najua kituo hakifuti kipindi kwa barua ya mtoto. Lakini wakati ule niliamini ni mimi, na niseme kweli, nilifurahi.

Siku moja Bibi akaniita dirishani. "Wewe wajua Kizungu, mwanangu. Wale wazazi waliandika, wakasomwa. Nasi tuandike." Nilishika kalamu nikingoja sifa za mwindaji. Bibi akafikiri, kisha akasema polepole:

"Wape salamu nyingi. Waambie kisa chenyewe sikukifahamu vizuri, na lugha siijui. Wakitaka walete kingine, chochote. Waambie tu, kilipokuwapo, watu walikuwa wakija."

Niliandika, nikaiona barua ya kipuuzi, haina hata jina la kipindi. Tena niliogopa kituoni wangeutambua mwandiko wangu. Sikuipeleka. Bibi alikufa kabla ya Ramadhani, na kila Alhamisi iliyobaki aliniuliza kama wamejibu.

"Bado, Bibi," nilimwambia.

Sasa nakaa Muthangari kwa mwanangu. Ni watu wazuri. Asubuhi wote hutoka, na nyumba hubaki kimya mpaka jioni. Nimechelewa mno kuifahamu barua ile ya Bibi. Mwenye uwezo wa kuijibu nilikuwa mimi. Pale kwenye korido palikuwa na milango mitatu tu mingine. Ningebisha, niseme, Bibi anawaita chai.