Mawazo Yaliyomtisha Mama Cherehani

Mtaani walimwita Mama Cherehani. Alishona sare za shule na magauni ya harusi katika chumba cha mbele, redio ikiimba na mdomo wake haupoi. Binti yake alipojifungua mtoto wa kiume alirudi kwa mama yake apumzike, na bibi akawa hambandui mjukuu mapajani. Alimwita "mume wangu".

Asubuhi moja alikuwa akikata kitambaa, mtoto amelala kando yake, wazo likamjia bila hodi: na nikimchoma huyu kwa mkasi? Akauweka mkasi chini. Akasali. Wazo likarudi, safari hii na picha yake kamili. Kadiri alivyolifukuza ndivyo lilivyozidi kumganda.

Akaficha mkasi juu ya kabati, kisha visu, kisha hata sindano. Wateja aliwaambia mashine imeharibika. Kumpakata mtoto hakutaka tena. Leo magoti yanauma, kesho ana mafua. Binti hakuelewa. Juzi tu ilikuwa mume wangu, mume wangu, na sasa hata kumtazama hataki? Akahisi mama yake anamchukia mtoto kwa sababu ya baba wa mtoto, mkwe ambaye mama hakuwahi kumpenda. Wakawa wanakula bila kusemezana.

Siku moja binti alitaka kwenda kuoga, akamnyooshea mtoto. Mama akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mama, mwanangu amekukosea nini?"

Angeanzia wapi? Yeye mwenyewe hakujua kama anaingia wazimu au alikuwa mtu mbaya tangu zamani bila kujijua.

Alipokwenda zahanati kupima presha, maneno yakamtoka mbele ya muuguzi, macho yameganda sakafuni. Alidhani ataitiwa polisi. Muuguzi alimwuliza kama analipenda wazo hilo. "Bora nife mimi," akasema. Basi akapelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Daktari aliuliza mengi. Mama Cherehani akakumbuka kwamba alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji alikuwa akifumua nguo nzima kwa hofu ya kusahau sindano ndani, na kwamba marehemu baba yake alikuwa halali bila kukagua kufuli tena na tena. Daktari akamweleza kuwa mawazo mabaya humpitia kila mtu, ila kwa mwenye ugonjwa huu wa mawazo yanayong'ang'ania ubongo huyapokea kama hatari ya kweli, na kila anapoyakimbia huzidi kuamini hivyo. Chanzo si kimoja: kuna cha kurithi, kuna cha ubongo wenyewe, na misukosuko huchochea.

"Wanaougua hivi huogopa kile wasichokitaka kabisa, mama," alisema. "Ndiyo maana umeficha mkasi."

Alimpa vidonge vya kunywa kwa muda mrefu, na mazoezi ya kukaa na lile wazo bila kulikimbia.

"Yaani daktari, dawa ya moto ni moto?"

Daktari akacheka, akasema karibu hivyo.

Binti naye aliitwa. Alisikiliza akiwa amemkumbatia mwanawe kwa nguvu, hajui amwonee mama yake huruma au amwogope. Aliuliza kama mtoto yuko salama. Daktari akasema amempima mama kwa makini na haoni hatari. Kisha akamkataza jambo moja: asimtoe mama hofu kila anapomwuliza kama atamdhuru mtoto, maana faraja hiyo ndiyo chakula cha ugonjwa.

Jioni ile Mama Cherehani aliketi, mtoto mapajani, mkasi mezani, jasho likimtiririka.

"Mwanangu, sitamdhuru, eti?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Binti akalimeza.

"Sijui, mama. Mshike tu."

Yakapita majuma mengi kabla ya mashine kusikika tena. Wazo bado humtembelea siku nyingine, lakini humkuta anashona na huondoka lenyewe. Majirani wakamwuliza binti mama yake aliugua nini hasa. Alianza kueleza kuwa ni ugonjwa wa kuogopa unachokipenda, akaona sivyo kabisa, akaanza upya, akachanganyikiwa, mwisho akawaambia waende wamwulize daktari.